Ombi la Mwizi Mmoja kwa Stesheni Kuu ya Minasawa

Kwa Bwana Stesheni Masta Kumagai,
Stesheni Kuu ya Minasawa,
Jengo Jipya, Ghorofa ya Pili, Mlango Wenye Maua ya Plastiki.

Bwana Stesheni Masta,

Kwanza pokea heshima zangu, na pole kwa theluji ya juzi, najua mlishinda mkiizoa relini. Mimi ni Fusae Onodera, mjane wa Tokuji Onodera, wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Unanijua. Ulikaa sebuleni kwangu wiki iliyopita, ukala achari yangu ya figili, ukasema tamu, ingawa nilikuona ukiimeza bila kutafuna. Barua hii naisema kwa mdomo, na anayeandika ni mke wa mwanangu, Chigusa, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze, asipambe. Yeye anasema barua ya malalamiko huwa fupi. Nimemwambia hao wanaoandika fupi hawajaudhiwa vya kutosha.

Lalamiko langu, Bwana, ni uaminifu wenu. Umezidi.

Nalisema kwa adabu, na msije mkasema asante ya punda ni mateke. Kwenye televisheni naona nchi nyingine watu wanalia kuibiwa stesheni. Mtu anainama kufunga kamba ya kiatu, akiinuka sanduku halipo. Watu wale nawaonea wivu. Wana stesheni inayofanya kazi. Mimi nimejaliwa ya kwenu, ambayo mtu hawezi kupotezewa kitu hata akiomba.

Kitu chenyewe ni chupa ya chai ya mume wangu. Tokuji alipostaafu pale kiwandani, nilidhani sasa atakaa nyumbani anisaidie kuparua theluji kwenye paa. Kumbe mwenzangu alishajipangia mambo yake. Kila asubuhi chai kwenye chupa, kofia kichwani, huyo stesheni. Siyo kusafiri. Ananunua ile tiketi ya bei ndogo ya kuingilia tu, inayokuruhusu kusimama jukwaani lakini kupanda hapana. Mwanamume mzima ananunua tiketi ya kutokwenda popote. Anakaa benchi la mwisho, jukwaa la treni ya milimani, anatazama treni inakuja, anatazama inaondoka, mchana anarudi kula.

Nilikuwa namwambia, "Wenzio wana vimada, wewe una treni."

Naye, "Treni haijawahi kuniuliza mchele umeisha lini."

"Basi kaioe."

"Nimeshaposa. Wamesema watanijibu."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu hayo, miaka na miaka, na sikusikia hata siku moja kwamba kuna watu wanatafuta mengine ya maana zaidi.

Majira ya baridi ya mwaka juzi akafa, hospitali, kwa utaratibu, bila kumsumbua mtu. Chupa ikabaki jikoni rafuni. Sasa hapo ndipo penye tabu, na sikiliza vizuri, Bwana Stesheni Masta, maana barua yote imesimama hapa. Mkono wangu huu wa kulia haujapata habari za msiba. Alfajiri unachemsha maji, unajaza ile chupa, unafunga kifuniko, unaiweka pale mlangoni. Halafu nasimama nayo. Mtu wa kuibeba hayupo. Naimwaga chai kwenye sinki. Kesho yake mkono tena. Nimeusema, nimeufunga kitambaa kama wenye jipu, wapi. Chigusa akaniambia, "Mama, unaijaza kwa sababu unaiona. Isipokuwepo mkono utasahau." Nikaona mtoto wa watu amenena. Chupa itoke. Nataka niamke asubuhi moja nichemshe chai ya mtu mmoja, niinywe, nishughulike na mambo mengine. Sitaki zaidi ya hapo, na stesheni yako ndiyo iliyonizuia.

Utasema, si ungeitupa. Bwana, wewe unakaa nyumba za shirika, hujakutana na Bi Mitsuyo. Bi Mitsuyo ni mwenyekiti wa taka wa mtaa wetu, na mifuko ya taka ya mji huu, unajua, ni ya kuona ndani. Nilitia chupa kwenye mfuko, nikaupeleka kwenye kituo cha taka kabla watu hawajatoka. Nikirudi kutoka sokoni, naukuta mfuko peke yake pale chini, umebandikwa karatasi nyekundu, na chupa ya Tokuji inawatazama wapita njia, jina lake kwa nje, maana jina nililishona mwenyewe kwenye mkanda kwa uzi mwekundu. Mtaa mzima wamepita wamesoma.

Bi Mitsuyo ananisubiri na ufagio. "Dada Fusae, hii nje ni bati, ndani ni kioo, kifuniko ni plastiki, mkanda ni ngozi. Kila kimoja kina siku yake ya kutupwa, siku nne hizo. Ibandue kwanza."

Nikamwambia, "Niichinje?"

"Sijasema uichinje. Nimesema uibandue."

"Siyo samaki hii, Mitsuyo."

"Samaki ni Jumanne," akasema.

Nikaichukua nikarudi nayo. Njiani nikawaza. Kitu ukikitupa, wewe ndiye uliyekitupa. Kitu kikipotea, hakuna mwenye kosa. Hata Tokuji mwenyewe akija kuuliza huko tutakakokutana, nitamwambia, ilipotea stesheni, kawaulize wenzio. Nikaona nimepata dawa. Na kwa kuwa chupa ile stesheni ni kwao, nikasema hata haki nitakuwa nimeitenda.

Sikujua ninashindana na nani.

Lalamiko la kwanza. Bwana Hirasaka wa dirisha la vitu vilivyopotea anakimbia mno. Siku ya kwanza niliiacha chupa kwenye benchi la chumba cha kusubiria, nikatoka nikitazama mbele kama mwizi. Nikapita yale maduka ya keki, nikashuka zile ngazi za umeme ambazo tangu mzijenge sijui mguu gani unatangulia. Nimefika kituo cha basi, basi linakuja, nasikia nyuma, "Bibi. Bibi Onodera." Naye huyo, bila koti, bila kofia, theluji imemjaa nywele utadhani mochi, ile keki ya mchele, iliyopakwa unga, ameishika chupa kwa mikono miwili kama ameletewa mtoto.

"Bibi, umesahau."

Nimwambie nini? Nilisema, "Lo, kichwa changu."

Akainama. Nikainama. Akainama tena, na mimi nikainama tena, mgongo wenyewe huu. Basi likafunga mlango likaondoka. Kwa hiyo kwa uaminifu wenu siku ile nilipoteza basi, chupa nikabaki nayo.

Lalamiko la pili ni mataulo. Mtu akikuokotea kitu humwachi hivihivi, unampelekea chochote. Nilipeleka keki za maharage, zile za duka la kona, siyo zile za bei rahisi. Stesheni ikasema haipokei zawadi kutoka kwa abiria. Nikasema mimi siyo abiria, sijapanda treni tangu harusi ya mwanangu. Wakapokea. Kesho yake Bwana Hirasaka kaja nyumbani na taulo lenye picha ya stesheni, asante kwa keki. Sasa mtu akikupa taulo utakaa kimya? Nikapeleka matofaa. Likaja taulo. Nikapeleka achari. Yakaja mataulo mawili, kwa sababu, alisema, achari ni ya mkono wa mtu. Nina kabati la mataulo, Bwana Stesheni Masta. Mimi ni mtu mmoja. Nina mwili mdogo.

La tatu. Hili naomba Chigusa aliandike kwa herufi nzito kama anaweza. Anasema kalamu ni ileile. Basi aandike polepole.

Nilipoona Minasawa penyewe hapafai, nikaona niiache ndani ya treni. Nikanunua ile tiketi ya Tokuji ya kutokwenda popote, nikaingia jukwaani, treni ya milimani ilipofungua milango nikaiweka chupa kwenye kiti cha dirishani, nikatoka. Ile treni ina behewa moja, inakwenda hadi kule kwenye chemchemi za maji moto, watu huko wachache, nyani wengi. Nikasema hata nyani mmoja wa kuiiba atakosekana?

Jioni ileile ikarudi. Dereva kairudisha kwenye kiti kilekile cha dirishani, imeviringishwa gazeti isipate baridi. Chupa imekwenda milimani ikarudi, imeona mto, imeona madaraja. Tokuji alitazama treni ile miaka yote na hakuvuka hata daraja moja. Hilo nililivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba kule mwisho wa reli kuna mtu mwema kaiosha.

Nani aliwaambia muioshe? Mle ndani mlikuwa na harufu. Chai ya kukaanga ya miaka, imeingia kwenye kizibo, na kidogo harufu ya tumbaku, sijui tumbaku iliingiaje kwenye chupa ya chai, lakini Tokuji mambo yake ndivyo yalivyokuwa. Nilikuwa nikifungua kifuniko nasema, haya, umeamka. Siku ile nikafungua, nikanusa sabuni ya ndimu. Kitu cha mtu kilichopotea unakitunza kilivyo, hukisafishi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwenye chupa chafu usidhani hana sabuni.

Chigusa anauliza, mama, kama ulitaka ipotee, harufu ulikuwa unaitakia nini. Nimemwambia aandike, asiulize.

La nne, kipaza sauti. Yule mwanamke wenu wa kipaza sauti ana sauti ya asali, sina ugomvi naye, na Chigusa anasema siyo mtu ni mashine, basi mashine nayo naisalimu. Lakini siku nilipoiacha tena, nilikuwa soko la chini ya stesheni, nachagua makereli, mara nasikia juu kwa juu, mji mzima unasikia: "Bibi Fusae Onodera wa mtaa wa kiwanda cha mbao, chupa ya Bwana Tokuji inakusubiri dirisha la vitu vilivyopotea." Ikarudiwa. Muuza samaki akaacha kisu, akaniambia, "Bibi, nenda, mumeo anakuita."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ungefanyaje. Lakini nilinunua makereli wawili badala ya mmoja, na nyumbani anayekula samaki ni mimi tu, Chigusa akila samaki anavimba midomo.

Hapo nikaona kosa ni jina. Jina likitoka, mtajua ni ya nani? Nikachukua mkasi, nikakata kile kitambaa cha jina kwenye mkanda. Nilikishona mimi mwenyewe, alipoanza kwenda huko, baada ya kubadilishana chupa na mzee mwingine akarudi na supu ya watu. Nikakata. Uzi mwingine haukutoka, umekaa vilevile.

Kwa hiyo hili ni la tano. Mara hii niliiweka pale penyewe, benchi la mwisho la jukwaa la treni ya milimani, lile la mbao mlilolisahau mlipobomoa stesheni ya zamani. Na tukiwa hapohapo, ile stesheni ya zamani ilikuwa na jiko la makaa katikati, tukikausha juu yake ngisi, na mtu akikaa mchana kutwa hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Ya sasa ina vioo, ina mwanga, ina mahali pa kununua keki ya umbo la treni, mahali pa kukaa kwa raha hakuna. Hilo siyo lalamiko, ni maoni. Nikaiweka pale nikaondoka. Haina jina. Haina mtu. Nikajipongeza.

Kumbe kitu kikikosa jina kwenu kinakuwa kitu cha kutiliwa shaka.

Nilikuwa sijafika hata kwenye ngazi nikasikia firimbi. Mkatandaza kamba ya manjano. Treni ya milimani ikazuiwa nje kule, abiria ndani. Polisi wawili, mmoja na fimbo ndefu yenye koleo. Mwanamke wa asali anaomba radhi, anaomba radhi tena, sababu ya kuchelewa ni kitu kisichojulikana mwenyewe. Watu wamesimama, wanatazama saa zao. Mimi nami nimesimama katikati yao nikitazama chupa ya Tokuji inazungukwa kama chui aliyeingia bustanini. Nikataka kusema ni yangu. Nikawaza, kama wataivunja, basi, si ndiyo nilichotaka. Lakini miguu ikawa inakwenda mbele yenyewe, nikafika hadi kwenye kamba.

Ndipo Bwana Hirasaka akatokea, akainama chini ya kamba, polisi wanamwambia, "Wewe, rudi," naye anawajibu, "Hii ni ya Bibi Onodera, mnaitia koleo ya nini?" Akaiinua. Akaitikisa karibu na sikio. Akasema, mbele ya watu wote, "Ina chai. Bado ya moto."

Na wote wakanitazama.

Ndiyo, niliijaza. Mbona mnashangaa? Chombo cha mtu hakitolewi kitupu. Hata sahani ya jirani hairudishwi bila kitu juu yake, sembuse chupa inayokwenda moja kwa moja. Ni adabu tu. Isichukuliwe kwamba ina maana nyingine.

La sita ni wewe mwenyewe, Bwana Kumagai, na usikasirike, umri wako mimi ningeweza kukuogesha. Ulikuja nyumbani, glavu nyeupe, kofia yenye mstari wa dhahabu, Hirasaka nyuma yako anapiga chafya. Umeleta chupa na boksi la biskuti. Mkapiga magoti kwenye mkeka. Ukasema, "Tumekuja kuomba radhi. Tulimtilia shaka mzee wetu."

Nikasema, "Mzee wenu nani?"

Ukasema, "Mkaguzi."

Sikuelewa. Ndipo Hirasaka akaeleza, na makamasi yake, kwamba vijana wa jukwaani walimwita Tokuji Mkaguzi, kwa sababu kila treni ikitoka alikuwa akiitikisia kichwa mara moja, hivi, kama mtu aliyeikagua akaridhika. Na dereva wa treni ya milimani alikuwa hang'oi mguu mpaka aone kichwa kile. "Mpaka leo," akasema Hirasaka, "akifika usawa wa lile benchi anapunguza mwendo kidogo. Tumemwambia, amesema hawezi kuacha."

Mkawasha ubani mbele ya picha yake, mkagonga kengele, mkainama, mkaenda zenu. Mkaniacha na chupa, biskuti, na habari mpya. Miaka yote mume wangu ana cheo na nyumbani hasemi. Nilikuwa namwita mvivu mbele za watu. Ningejua ana cheo ningempigia pasi lile shati.

Hiyo ndiyo hasara mliyonitia, Bwana. Nilikuwa na chupa ya mzee aliyekuwa anapoteza muda. Sasa nina chupa ya Mkaguzi. Ya kwanza ilinishinda kuitupa, hii nitaiweza wapi?

Kwa hiyo, baada ya kuwaza sana, na Chigusa hakubaliani nami lakini kalamu ndiyo yake, maneno ni yangu, naomba yafuatayo.

Naomba Stesheni Kuu ya Minasawa iajiri mwizi mmoja.

Sisemi genge. Mmoja tu, mwenye heshima zake, zamu ya asubuhi. Mji mkubwa kama huu, wenye stesheni ya vioo na ngazi zinazokwenda zenyewe, kukosa hata mwizi ni aibu mbele ya wageni. Kama mshahara ni tatizo, aje wa nusu siku, chakula cha mchana nitampa mimi, matonge ya wali na samaki, wakati mwingine samaki wawili. Avae sare ili nimjue. Nitaiweka chupa benchini, nitageuka, yeye ataichukua, ataondoka bila kukimbia. Asiniinamie. Akiniinamia nitamwinamia, tutakuwa tumerudi kulekule.

Kama katika mji wetu hamtapata mtu, maana hata yule kijana wa Bi Mitsuyo aliyekuwa akisemwa vibaya siku hizi anaongoza wazee barabarani, basi mtumeni Bwana Hirasaka mji mkuu akasomee wizi. Ana miguu mizuri. Ni tabia tu.

Na kama kanuni za reli hazina cheo cha mwizi, kibadilisheni kile cha Mkaguzi. Kiti chake kiko wazi tangu mwaka juzi na sioni kama mmetangaza nafasi.

Mkishindwa haya yote, naomba mniandikie kwa muhuri kwamba katika stesheni yenu haiwezekani mtu kuondokewa na kitu. Nitakiweka kibali hicho kwenye picha ya Tokuji, asome mwenyewe, aone kwamba nilijaribu.

Nisiwachoshe. Nimalize kwa kuwasalimu wote: msalimu mkeo, nasikia ana magoti kama yangu, mwambie maji moto na chumvi, msalimu Bwana Hirasaka na kifua chake, apunguze kukimbia bila koti, mama anayeuza vyakula vya boksi pale mlango wa mashariki, tambi zake siku hizi zimepungua lakini mkono wake ni uleule, yule dereva wa milimani, ambaye simjui uso, mashine ya asali, na mtu mwema wa mwisho wa reli, yeye mpe salamu fupi. Bi Mitsuyo amesema nisimtaje, kwa hiyo na yeye anawasalimu.

Ni mimi, mwenye malalamiko na mataulo,

Fusae Onodera
(alama ya kidole, muhuri wa nyumba sijui Tokuji aliuweka wapi)

Tena, kabla bahasha haijafungwa.

Barua hii ilikuwa imelala mezani inasubiri stempu. Leo asubuhi nikaenda mwenyewe kukagua kama lile benchi linamfaa mwizi, asije akaumwa mgongo. Baridi ilikuwa kali, nikaona nichukue chai. Chombo kingine cha kubebea sina. Nikanunua tiketi ya kuingilia, nikakaa, nikanywa. Harufu imeanza kurudi kidogo, siyo tumbaku, lakini chai. Treni ya milimani ikatoka, na kweli, ilipofika usawa wangu ikapunguza mwendo. Nikaona dereva amenitazama. Sasa mtu akikusubiri hivyo utafanyaje, nikaitikisia kichwa. Ikaenda. Nikaitikisia na iliyofuata, isije ikaona nimependelea.

Halafu nikakumbuka nimeacha figili kwenye maji, nikainuka haraka, nikawahi basi. Nimefika nyumbani mikono mitupu.

Sikuiacha. Naapa mbele ya Chigusa. Mara zote zile niliiacha, leo nimeisahau. Ni vitu viwili tofauti na ninyi wenye kazi hiyo mnajua.

Hakuna aliyenikimbilia. Kipaza sauti sijasikia. Nimeiweka simu hapa magotini, hailii. Chigusa anasema, mama, ni mchana huuhuu tu, na siku hizi Hirasaka amelala na homa, na ile chupa haina jina. Najua haina jina. Stesheni gani hii, mtu anasahau kitu cha maana hakuna anayejali? Zamani mlikuwa waaminifu.

Ni ya kijani. Ubavuni ina kibonyeo, ilianguka siku wajukuu walipokuja na Tokuji akasema imeanguka yenyewe. Kifuniko kina ufa, kimefungwa utepe wa umeme mweusi. Kwenye mkanda, upande wa kushoto, kuna nyuzi nyekundu zinaning'inia, pale palipokuwa na jina. Jina ninalo hapa, nitakuja nalo, mtaona linaingia palepale.

Kama mwizi mmeshamwajiri, mfukuzeni leo.

Na mkiiona, chai iliyobaki ndani msiimwage. Msiioshe.